Pampu ya Jirani

4 Machi

Dada Chiriku,

Salamu. Nimesikiliza ulichonitumia na kazi nimeikubali. Sauti unayo. Chumba huna, lakini hilo tutalimaliza. Mtu anayeimba ndani ya kabati la nguo, makoti yamemzunguka, huyo kadhamiria, na mimi nawapenda waliodhamiria.

Tutafanya hivi. Unarekodi kwako, unatutumia mimi na Mzee Nyuzi kwa ule mtandao wa mafaili makubwa. Unajua faili halikai pale, siku zake zikiisha linajifuta, kwa hiyo ukituma tuambie. Mzee anapiga gitaa kwake, ananiletea. Mimi nasafisha, nachanganya, nakurudishia. Hatutaonana mpaka albamu itoke, na pengine hilo ndilo litatufanya tusigombane.

Nina masharti mawili. La kwanza, nikishasafisha sihifadhi uchafu. Kopi ya zamani ikibaki kwenye mashine yangu iko siku itajipenyeza kwenye mpya, na balaa hilo nimeshalionja. La pili, mwisho wa Julai kazi iwe imeisha. Nimechoka na wasanii wa visingizio. Leo mgonjwa, kesho msiba, keshokutwa simu imetumbukia chooni. Aliyekutangulia alimzika shangazi mmoja mara mbili. Kama una mgonjwa nyumbani niambie mapema, nitakwambia kauguze kwanza, na nafasi nitampa mwingine. Si ubaya, ndivyo nilivyo.

Nipigie tuongee.

Masikio
fundi mitambo

6 Machi

Kaka Masikio,

Asante, tena asante. Masharti nimeyakubali yote.

Kukupigia ndiyo siwezi. Mimi kwenye simu naropoka, jina la Chiriku sikuliokota barabarani. Tuandikiane tu. Nikiandika angalau napumua kati ya sentensi.

Mgonjwa sina. Nyumbani tupo mimi na mama, basi.

Chiriku

8 Machi

Mzee Nyuzi, shikamoo.

Mimi ndiye yule mwimbaji ambaye Masikio amekuombea umpigie gitaa. Kaniambia mchana unashona nguo za watu na jioni unapiga nyuzi, ndiyo maana ya jina. Nakuandikia jambo ambalo yeye sikumwambia, kwa sababu wewe hujaniwekea masharti.

Mama yangu anaumwa. Alikuwa mpiga pasi, nguo za mtaa mzima zimepita mikononi mwake. Kiharusi kimemchukua upande wa kulia, na maneno yote kimeondoka nayo. Tangu atoke hospitali hajatamka hata jina langu. Daktari anasema huenda yakarudi, huenda yasirudi, niwe namsemesha. Namsemesha mpaka naishiwa. Ananitazama kama anavyotazamwa mtu aliyekuja kusoma mita ya umeme.

Nyimbo zote hizi zimetoka kwake. Nilipokuwa mdogo alikuwa anapiga pasi huku anavuma, mdomo kaufunga. Anavuma kipande, ananyamaza. Popote nilipo ndani ya nyumba lazima niitikie kipande kinachofuata. Ndivyo alivyojua nipo wapi, kwamba sijaenda barabarani wala sijachezea moto. Nikichelewa kuitikia anarudia. Nikichelewa tena, unasikia pasi imewekwa chini, na hapo ujue umekwisha. Hizo nyimbo ndizo nimezitia maneno.

Nataka aisikie albamu nzima akiwa hai. Sitaki kumsikilizisha vipande vibovu, nataka kitu kizima. Kikifika masikioni mwake labda kitamfungua. Natafuta neno moja tu, Mzee wangu. Hata kama ni tusi.

Kabati langu limeegemea ukuta wa mbao, na kitanda chake kiko upande wa pili. Nikiimba namfungia mlango nisimsumbue. Tafadhali, yabaki kwako.

Chiriku

12 Machi

Mwanangu Chiriku,

Marahaba. Yamebaki kwangu, yamekaa na mengine.

Pole kwa kuuguza. Mgonjwa asiyesema anachosha kuliko anayelalamika, najua, mke wangu alikwenda hivyo hivyo. Ule na wewe. Wauguzaji husahau kula.

Kuhusu kazi, usiwe na wasiwasi. Zile hedifoni mimi siziwezi, zinanibana kama kofia ya harusi. Wimbo wako nauweka kwenye spika ya dukani, nausikiliza nikishona, mpaka uingie vidoleni. Ukishaingia naufuta, simu yangu haina nafasi. Tangu lini wimbo ukakaa kwenye simu ukastawi?

Tuma.

Nyuzi

20 Aprili

Dada Chiriku,

Nyimbo tatu za kwanza nimezipokea. Umenifurahisha, na mimi kufurahishwa si kazi rahisi.

Tatizo moja. Chini ya sauti yako kuna mvumo. Mdogo, mzito, unakuja na kuondoka. Mwanzoni nilidhani spika zangu. Una friji chumbani? Feni? Hukuusikia mwenyewe?

Masikio

21 Aprili

Kaka Masikio,

Jamani, samahani sana. Hiyo itakuwa pampu ya maji ya jirani. Iko nyuma ya ukuta wetu, inanguruma ikijisikia. Mimi ndani ya kabati nimevaa hedifoni, mdundo ninaoufuata umeniziba masikio, siwezi kusikia hata nyumba ikiungua. Na kujisikiliza baadaye sijisikilizi, sauti yangu mwenyewe inanitia aibu. Nikimaliza natuma, kisha nafuta, kompyuta yenyewe imejaa hadi pomoni.

Ifute kabisa. Sitaki ibaki hata punje. Nataka pawe safi.

Chiriku

23 Aprili

Dada,

Imefutika. Nikupe siri ya jikoni: nilitafuta mahali ambapo wewe umenyamaza na mvumo uko peke yake. Kipande hicho naionjesha mashine, ikishaijua ladha yake inaufuta popote ulipo. Kilichong'ang'ania nakikwangua kwa mkono. Nitafanya hivyo kwa kila wimbo.

Ila hiyo pampu ya jirani yako ina sikio. Ukipanda, inapanda. Nimeshafanya kazi na wapiga besi wasioweza hilo. Umeme wenu unacheza, bila shaka. Mwambie jirani kama anaikodisha, nina bendi ya kuipeleka.

Masikio

2 Mei

Mwanangu,

Nimepiga nyimbo nne, Masikio anazo. Sauti ya pili uliyoiweka imenigusa. Haina haraka, haijionyeshi. Nimepiga kwenye nafasi zake tu, inaponyamaza ndipo naingia. Sikutaka kuikanyaga.

Mama anaendeleaje? Unakula?

Nyuzi

3 Mei

Mzee wangu, shikamoo.

Asante kwa kuisifu sauti ya pili, maana niliirekodi na mafua nikaona nimeharibu.

Mama yuko vilevile. Nakula, kidogo.

Chiriku

19 Mei

Mzee wangu,

Leo nimefanya jambo baya na sina wa kumwambia.

Mama amekataa uji tangu juzi. Nikimwekea kijiko anafunga mdomo. Leo nimepandisha sauti. Nilimwambia, kama hutaki sema hutaki, sema basi, hata neno moja, mimi siyo ukuta. Nimemlea miezi yote hii kama mtoto na hanijui. Alinitazama mdomoni, si machoni. Uji ulimtiririka shingoni, sikumfuta.

Nikaufunga mlango kwa kishindo, nikaingia kabatini, nikaimba wimbo wa mwisho kwa hasira, mara moja tu, bila kurudia. Utausikia. Katikati kuna mahali nimekaa kimya muda mrefu. Nilikuwa nalia, na mdundo unaendelea masikioni. Masikio atapaondoa.

Nilipotoka nilimkuta amelala, uso kaugeuzia ukutani. Nimemsafisha, nimemwomba radhi. Sijui kama imefika.

Nimechoka, Mzee. Nimechoka mpaka nachukia.

Chiriku

22 Mei

Mwanangu,

Hasira ya mwuguzaji haiandikwi popote. Mungu mwenyewe huifumbia macho.

Wimbo umefika. Nitaupiga taratibu.

Nyuzi

11 Juni

Dada Chiriku,

Umenyamaza. Nimekuandikia mara ngapi sijui, na pua yangu imeanza kunusa visingizio.

Naendelea peke yangu. Wimbo wa mwisho nimeusafisha, pampu siku hiyo ilikuwa imechachamaa kweli. Sasa nina ugomvi na Mzee Nyuzi. Gitaa lake lina mashimo. Anapiga kidogo, anaacha pengo, anapiga, anaacha pengo, kama mtu anayezungumza na simu. Nimemuuliza, kaniambia hivyo ndivyo wimbo unavyotaka. Uzee huo. Nataka kuyaziba kwa kinanda. Unasemaje?

Masikio

14 Juni

Kaka Masikio,

Ziba. Fanya unavyoona.

Chiriku

16 Juni

Mzee wangu,

Mama amefariki. Tumemzika Jumapili. Wifi yake, shangazi yangu aliyesaidia kunilea, hakuwahi mazishi, basi liliharibika njiani, kakuta watu wanakunja mikeka.

Hakusema kitu. Nilikaa naye hadi mwisho, nimemshika ule mkono wenye uhai, nikawa namwambia mimi ni mwanao, mimi ni Chiriku, nipo hapa. Hakusema kitu. Watu wananiambia alijua. Walijuaje wao? Walikuwepo?

Albamu hakuisikia. Nilimficha vipande nikisubiri kitu kizima, na kitu kizima hakikuwahi. Sasa sijui nilikuwa namwimbia nani. Masikio sijamwambia bado. Ataniandika kwenye orodha yake ya visingizio, na sina nguvu ya kuthibitisha kwamba mama yangu amekufa mara moja tu.

Chiriku

29 Juni

Mwanangu Chiriku,

Pole sana. Nilikaa na barua yako dukani, cherehani kimya, mteja akaja akaondoka. Mungu amlaze mama pema. Sitakwambia alijua, kwa sababu sikuwepo.

Nakuomba radhi kwa kukuuliza habari za kazi katika msiba, lakini jambo limenikaa kooni. Masikio kaniletea nyimbo zikiwa karibu tayari. Nimesikiliza ya kwanza hadi ya mwisho. Yuko wapi yule mwanamke?

Sizungumzii wewe ulipojiimbia mara ya pili na mafua. Huyo yupo. Nazungumzia yule mtu mzima anayevuma mdomo kaufunga, mbali kidogo, kama yuko nyuma ya pazia. Alikuwepo katika kila ulichonitumia. Anavuma kipande, ananyamaza, anavuma tena. Mimi ndiye niliyekuwa namwitikia. Nilidhani ni mwimbaji mwenzako umemweka mbali na kinasa, nikasema huyu binti ana akili. Hayo mashimo Masikio anayonigombeza nayo ni nafasi zake. Sasa kamwondoa, na juu yake kaweka kinanda.

Kama mlikosana naye, mpatane. Bila yeye nyimbo zimekonda.

Nyuzi

30 Juni

Masikio,

Usifute chochote. Ukiwa unasoma hii, acha mashine kama ilivyo.

Nimetoka kwa jirani sasa hivi. Nimemuuliza habari za pampu. Kanishangaa. Pampu iliungua kabla hata mama hajatoka hospitali, chuma chake kiko uani kimeota kutu, kuku wanalalia. Tangu hapo wanachota bombani. Mimi nimekuwa nikipita pale kila siku na ndoo yangu, na sikuwahi kujiuliza.

Nilikudanganya. Nilikuwa na mgonjwa. Mama yangu alikuwa amelala nyuma ya ule ukuta, hasemi tangu apigwe na kiharusi, na sikukwambia nikiogopa utampa mwingine nafasi yangu. Mficha maradhi kifo humuumbua. Amekufa, tumemzika kabla ya barua yangu ile ya kukwambia ziba.

Ule mvumo ni yeye. Mzee Nyuzi amemsikia katika nyimbo zote. Mimi nilikuwa nimejiziba masikio na mlango nimemfungia. Kwangu nimeshafuta, Mzee amefuta, mtandaoni vimejifuta. Umebaki wewe.

Niambie unazo. Niambie hilo sharti lako ulilivunja hata mara moja, kwa uvivu, kwa kusahau, kwa ulevi. Nitakusujudia.

Chiriku

3 Julai

Dada yangu,

Sijui nianze na pole au na samahani, na zote mbili hazikutoshi.

Nimefungua kila kitu. Mashine zote, hata ile mbovu iliyo chini ya meza. Nimemwita jamaa anayefufua mafaili yaliyofutwa, kahangaika, kaniambia kila niliposafisha niliandika juu ya palepale, hapana cha kufufua. Sikulivunja sharti. Maisha yangu yote nimejisifia hilo, na leo nimetamani ningekuwa mzembe.

Na nilimsikia. Hilo ndilo linanila. Nilisikia kwamba inapanda nawe, nikakuandikia mzaha. Wenzangu wameniita Masikio bure. Ungeniambia una mama mgonjwa nyuma ya ukuta ningeelewa siku ileile. Lakini ni mimi niliyekuziba mdomo kwa ile barua yangu ya kwanza, nikadhani nimesema jambo la maana. Shangazi wa yule msanii mwingine nilimcheka. Sikumuuliza hata siku moja kama alikuwa na shangazi wawili.

Kipo kitu kimoja. Unakumbuka nilivyokwambia naionjesha mashine uchafu peke yake? Hicho kionjo mashine hukiweka pembeni, na kila wimbo mpya huchukua nafasi ya uliopita. Kwa hiyo kimebaki cha wimbo wa mwisho. Nilikikata pale katikati uliponyamaza. Ni kifupi, hakizidi pumzi mbili.

Nimekiambatisha. Mimi nimekisikiliza mara moja, sikuthubutu tena. Usikifungue ukiwa peke yako.

Kinanda nimekiondoa chote. Tarehe hakuna. Albamu itoke, isitoke, ni wewe.

Masikio

9 Julai

Mzee wangu, shikamoo.

Nilikaa na lile faili bila kulifungua. Nilifua nguo zake, nikazipiga pasi kwa pasi yake, nikampa shangazi aondoke nazo. Shangazi aliniambia, fungua nikiwa bado nipo. Tukafungua.

Ni yeye. Shangazi aliijua kabla yangu, akakaa sakafuni. Sauti imekwaruza, upande mmoja unaburuta, lakini kipande ni kilekile cha kwenye pasi, kile cha kwanza kabisa alichonifundisha. Anakivuma mpaka pale anapoachaga. Ananyamaza. Halafu anarudia, kwa nguvu kidogo. Ananyamaza tena. Hapo kinakatika.

Ilikuwa siku ile ya uji, Mzee. Nilikuwa nimetoka kumfokea aseme neno moja. Nilikuwa kabatini nalia, hedifoni zimenikaza, na yeye ameugeuzia ukuta uso ananiuliza nipo wapi. Kwa muda wote ule mimi namwomba aseme, yeye alikuwa anasema. Kila siku niliyoimba aliniita, na kila siku nilimfungia mlango, kisha nikaagiza mtu amfute hata punje isibaki.

Masikio anataka kuniomba radhi kila asubuhi. Nimemwambia aache, fundi alifanya alichotumwa. Kuhusu albamu, nimemwambia aitoe. Sauti yangu aiache ilivyo, gitaa lako aliache lilivyo, na yale mashimo asiyaguse. Watu watasema mpiga gitaa mzee anasahau. Utuvumilie. Hicho kionjo hakitaingia. Hakikuwa cha watu.

Nakushukuru kwa jambo moja, na silijui jina lake. Katika watu wote waliomsikia, wewe peke yako ndiye uliyemwitikia. Tatizo ni kwamba ulikuwa mbali, na yeye hakukusikia.

Jana nilikicheza tena, shangazi ameshaondoka, mlango nimeufungua wazi. Anavuma, ananyamaza, nikaitikia kipande changu. Sauti ilinitoka vizuri tu. Akarudia palepale, kwa nguvu kidogo, kama vile sijaitika.

Chiriku